Rezista Nene za Usta Wagih

Inas alianza kumshuku Usta Wagih, fundi mkongwe wa karakana, siku pampu ya kumi iliporudi kutoka hospitali ikinuka moshi. Zote ziliungua mahali pamoja: rezista ya kupimia mkondo, kwenye bodi inayoshusha volti. Bodi ile alikuwa ameisanifu Inas mwenyewe. Hesabu ilimpa sifuri nukta mbili ya wati, akaagiza rezista za nusu wati, zaidi ya mara mbili. Basi mkosaji awe mwingine, ndivyo tupendavyo sote. Na aliyenunua vipuri sokoni Bab al-Luq, akavichomelea kwa mkono wake, ni Wagih. Kikulacho ki nguoni mwako, akajisemea.

Akafungua bodi ishirini zilizongoja rafuni kupelekwa. Nane zilikuwa na rezista nene, za wati nyingi zaidi, ambazo hakuziagiza. Alifurahi, tena furaha mbaya.

"Usta, hizi nani kakuruhusu?"

"Zako zinaunguza kidole, binti yangu. Nilikwambia, ukasema kidole si kipimo."

"Na si kipimo. Muuzaji anakupa kiasi gani ununue kwake?"

Mzee akarudi kwenye chai yake.

Inas akapeleka habari kwa Haji Rifaat, mwenye karakana. Kabla ya alasiri Wagih alikuwa ameshafukuzwa mbele ya wenzake wote, baada ya miaka kumi na tisa.

Ripoti ya pampu zilizoungua ilihitaji picha ya mkondo. Inas akaiwasha bodi, akaangalia skrini ya kifaa kinachouchora mkondo. Mkondo haukutiririka, ulikuja kwa mipigo, ampea nne kwa robo ya muda, kisha hakuna. Mita ilikuwa imempa wastani, ampea moja, naye akauzidisha wastani kwa wastani. Lakini joto huhesabiwa kwa mpigo: nne mara nne, kumi na sita, robo yake nne, mara nne ya hesabu yake. Rezista ya nusu wati ilibeba sifuri nukta nane ya wati.

Akazipekua zile kumi zilizoungua. Zote zilikuwa na rezista nyembamba, zake.

Haji Rifaat alimsikiliza mpaka mwisho. "Nimemwita mwizi kwa neno lako," akasema. "Mpigie wewe."

Wagih alipokea.

"Usta, kosa ni la hesabu yangu. Nisamehe. Kesho utakuja?"

"Umeona wapi mwizi akaitwa arudi kazini, mhandisi?" Hakuwa amewahi kumwita hivyo. "Zile kumi na mbili za rafuni usizipeleke hospitali. Sikuwahi kuzibadilisha."

Akakata simu.