Ukumbi wa Nyumba ya Vyumba Sita

Mimi sipendi mteja asimame nyuma ya kiti changu ninapochora. Ndugu wawili hawa nikawavumilia, kwa sababu Bi Mwanajuma ni mtu mzima, na nilipomwamkia shikamoo aliitikia kwa upole hata nikaona haya kununa.

Walitaka ramani ya nyumba ya marehemu baba yao, hapa Tabora mjini, igawanywe. Vyumba sita: vinne vya mbele vya Awadhi, viwili vya nyuma vya dada yake. Mirathi ilishaamuliwa, ugomvi haukuwepo. Awadhi anaishi Dar es Salaam, na fungu lake ameshalipatia mnunuzi, Zahir mwenye duka la vitambaa, ambaye alitaka mchoro siku ile ile.

Nyumba nzima nilikuwa nimeichora kwenye kompyuta kama kundi moja, nikalifunga lisitenguliwe, maana wateja wakishika kipanya huhamisha mlango wakaacha ukuta. Nikalifungua, nikalitengua. Kuta, milango, madirisha, kila kimoja kikawa peke yake. Kisha nikazungushia kipanya upande wa mbele, kwa pupa, nikaunganisha vya Awadhi. Vya dada yake nikaviunganisha mbali. Nikaburuta fungu la Awadhi kando ili kila mmoja apate karatasi yake.

"Iko sawa?"

"Iko sawa," alisema Awadhi. "Chapisha tu."

Kwetu nyumba huhesabiwa kwa vyumba. Ukumbi hauhesabiwi, wala hakuna anayeuliza ni wa nani. Bi Mwanajuma aliinama, akagusa kioo kwa kidole.

"Getruda mwanangu, mimi nitatokea wapi?"

Nikatazama. Ukumbi wote, kuanzia mlango wa barazani mpaka uani, ulikuwa umekwenda na vyumba vya Awadhi. Vyumba viwili vya mama huyu vilibaki na uani, na nyuma ya uani ni ukuta wa jirani.

"Nikiwa hai nitamwomba Zahir ruhusa ya kupita," alisema. "Siku jeneza langu likitoka, nani atamwomba?"

Nilijichukia. Haraka haraka haina baraka, na mimi ndiye ninayewaambia wengine hivyo kila siku. Nikalitengua fungu la Awadhi, nikautoa ukumbi, nikaufanya kundi la peke yake, nikaandika juu yake majina yao wote wawili, nikalifunga, nikachapisha karatasi ya kila mmoja.

"Zahir hatapenda," nikamwambia Awadhi. "Na kufuli hili ni la kompyuta tu. Mwenye faili akitaka, atalifungua."

Awadhi alimgeukia dada yake.

"Kosa si la Getruda peke yake. Niliuona ukumbi ukija kwangu, dada. Nikanyamaza."

Bi Mwanajuma aliikunja karatasi yake mara mbili, akaitia mkobani.

"Najua," alisema. "Kabla sijautazama mchoro, nilikutazama wewe."