Viatu vya Tape Ram

Miaka yote bangi ilikuwa dhambi. Hazina ya jimbo ilipokauka, ikawa uchumi. Mimi Khimi Devi sikusoma, lakini hilo nililielewa mapema kuliko mume wangu, na ndilo linaloniuma mpaka leo.

Redioni walibishana msimu mzima wa theluji. Huyu anasema ihalalishwe, kodi yake italipa walimu na kutengeneza barabara. Yule anasema mtatuulia watoto. Mwalimu wetu wa shule, ambaye mdogo wake aliharibikiwa na moshi huohuo, aliizima redio ya dukani kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna aliyemkaripia. Hata mimi sikumlaumu. Lakini sisi tulikuwa na shamba moja tu, matuta matatu ya mawe ubavuni mwa mlima. Tulipanda matufaha, mvua ya mawe ikayamaliza miaka mitatu mfululizo. Bangi huko haihitaji kupandwa, inaota yenyewe. Kila mwaka baridi inapokaribia, Gehru Ram, mume wangu, alikuwa akiisugua kwa viganja mpaka utomvu unaganda mweusi, anaukwangua, anamuuzia jirani yetu Tape Ram. Tape ndiye aliyeupeleka chini kwa wenye magari, akajenga ghorofa. Polisi hawakuwahi kumkamata Gehru wala Tape. Wakati wa baridi Gehru alisokota pula, ndara za nyuzi za bangi, kwa sababu katika uga wa mungu wa kijiji chetu ngozi haiingii.

Kisha tukasikia kamati inakuja kusikiliza wananchi. Atakayepata kibali atalima kihalali na kulipa kodi. Asiye nacho, polisi watamng'olea mpaka mche wa mwisho. Kwa hiyo kwetu mambo yalikuwa mawili tu: kibali, au Gehru na miaka yake hamsini na nane akashike jembe la mtu.

Asubuhi ya siku hiyo nilimpa mkate wa mvuke wenye mbegu za bangi ndani, nikamwambia, "Baba Bimla, sema mbegu tunakula na nyuzi tunasokota. Viganja usivitaje." Akasema sawa, sawa, kama anavyosema kila siku.

Lakini kijiji chetu hakina mahali tambarare isipokuwa uga wa mungu, na viti vya kamati viliwekwa humo. Nilipoviona nilimtafuta Gehru kwa macho. Ndani ya mawe ya mpaka yanayouzunguka uga huo uongo hausemwi. Ukidanganya humo, hata kwa utani, ng'ombe wako anakauka maziwa. Baba mkwe wangu alidanganya humo kwa ajili ya mbuzi mmoja tu, na hakuwahi kuona mavuno mengine.

Mwenyekiti alikuwa na sauti ya upole. Akauliza nani ana uzoefu na zao hili, kwa kuwa serikali inataka kuanza na wenye ujuzi. Watu wakainamisha vichwa. Gehru wangu akasimama na pula zake miguuni, akanyoosha viganja kama mtu anayepokea sadaka.

"Nimesugua miaka thelathini na moja," akasema. "Bonde zima hili hakuna mkono unaonishinda."

Karani akaandika. Mwenyekiti akafurahi kwelikweli, akasema wazee kama hawa ndio wanaowatafuta, wakampiga picha mikono. Nilitamani ardhi inimeze.

Tape Ram alikuja amechelewa, amevaa viatu vya ngozi vinavyong'aa. Watu wakamwambia avue aingie, akasema miguu inamsumbua, atazungumza hukohuko nje ya mawe. Alipoulizwa, akaunganisha mikono kwa heshima.

"Waheshimiwa, mimi ni mtu wa matufaha. Hiyo bangi naiona tu ikiota."

Nikatazama viatu vyake, nikaelewa. Mjanja yule hakuwa na tatizo lolote la miguu. Nikamgeukia Gehru, bado alikuwa anatabasamu.

Theluji ilipoyeyuka, vibali vilitoka. Tape alipata cha mashamba yake na ya majirani aliyoyakodi. Karatasi yetu ilirudi na mstari mmoja: mwombaji amekiri mbele ya kamati kujihusisha na biashara haramu. Gehru alimwomba tarishi aisome mara tatu.

"Mbona walisema wananitafuta?" akaniuliza.

"Na wamekupata," nikamjibu. Nilikuwa na hasira, nikazimwaga kwa asiyestahili.

Polisi wakaja wakang'oa kila kitu, wakachukua hata mabua aliyoyaweka mume wangu kwa ajili ya nyuzi. Gehru akaenda kufanya kibarua kwa Tape, akiwaonyesha vijana kutofautisha mmea dume na jike, kazi ambayo Tape mwenyewe haijui.

Mavuno ya kwanza yalipofika, Tape akaandaa shukrani kwa mungu, na maofisa wa kodi wakaalikwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo akaja mlangoni kwetu. "Shemeji, kaka ana pula nzuri kuliko zote. Siwezi kuingia kwa mungu na ngozi."

"Mwaka jana mbona uliweza kusimama nje?" nikamuuliza. Akacheka, kama nimemtania. Gehru alizivua zilezile za miguuni mwake, akazipangusa vumbi, akampa.

Kesho yake ngoma zilipigwa, ofisa akasifu mlipa kodi wa kwanza wa bonde letu, na Tape akasimama katikati ya uga na pula za mume wangu. Nilijisukuma kutoka kwa wanawake wenzangu.

"Tape Ram, leo umevua ngozi. Hapo hapo uliposimama tuambie, umewahi kuuza au hujawahi?"

Ngoma zikanyamaza. Tape akazitazama zile pula miguuni mwake. Ofisa akawa anatazama simu yake. Kuhani akakazana kukaza kamba za ngoma iliyokuwa imeshakazwa. Nikawatazama majirani, na kila niliyemtazama alikuwa na mtu wake anayelipwa kwenye shamba la Tape. Nilijua kama hatajibu sasa, hatajibu tena.

Kisha nikaona watu wanapisha. Gehru alikuja pekupeku juu ya mawe ya baridi, akanishika kiwiko.

"Nyamaza, Mama Bimla," akasema. "Huyu ndiye anayetulisha."

Aliyasema hayo ndani ya uga, na humo Gehru hajawahi kusema uongo.