Hema la Aloyce

Kajetani alitoa sharti lile huku anacheka, ila mama yake, Lukresia, hakucheka.

"Mama, hivi unavyokaa peke yako hapo Lizaboni, Songea, tangu baba afariki, mimi silali. Hamia kwangu Dodoma."

"Nikafanye nini Dodoma?"

"Haya. Nenda ukalale kwenye zile kambi tatu alizokuwa anazisimulia baba. Mwenyewe, bila mtu wa kukulinda. Ukiweza, sitalitaja tena suala la kuhama. Ukishindwa, unafunga mizigo."

"Nimekubali," alisema Lukresia, na mwanawe akaacha kucheka.

Marehemu Aloyce alikuwa mlinzi wa misitu. Kila aliporudi nyumbani alikuwa na habari za mahali alipolala, na Lukresia alimsikiliza huku anachambua mboga, akijiambia kwamba watoto wakikua ataenda naye. Watoto walikua, Aloyce akaondoka. Hema lake la kijani lilibaki juu ya kabati.

Alianzia Matogoro, pale juu ya mji. Hema lilimwangukia mara mbili, akalisimamisha huku anamwomba Mtakatifu Yosefu, fundi, amshikie nguzo. Baridi ilikuwa ya kung'ata. Alfajiri alitoka na kikombe cha chai, akaona ukungu umeifunika Songea yote, kengele ya kanisa ikilia kutoka chini yake kana kwamba mji umezama na bado unasali. Alisimama mpaka chai ikapoa. Miaka yote hiyo alikuwa ameishi ndani ya ukungu ule bila kujua jinsi ulivyo mzuri.

Kambi ya pili ilikuwa milimani Mbinga, kwenye uwanja wa masista. Hapo alitazama mashamba ya Wamatengo, mashimo yaliyopangwa mlima mzima, shimo kwa shimo, mvua ishuke na udongo ubaki. Kila shimo limechimbwa kwa jembe la mkono. Usiku huo alisali sala moja tu, ya kushukuru kwa ajili ya mikono. Alilala mwenyewe, salama.

Ikabaki kambi ya Nyasa, ufukweni. Haukuwa msimu wa wageni, na mtunzaji, kijana aitwaye Saimon, alimwonyesha bomba la maji kisha akaenda zake nyumbani. Ziwa lilikuwa limetulia, bluu mpaka milima ya ng'ambo. Lukresia alisimamisha hema, safari hii bila kuanguka, akajitanda khanga kichwani, akaketi chini mlangoni na kuanza rozari kwa sauti, kama alivyozoea.

Hakuwa amefika mbali alipoona wanawake wanakuja wamejipanga njiani. Mmoja ana kuni kichwani, mwingine ndoo ya unga, wengine mikeka. Walikuja kimya, wakaketi kumzunguka. Waliojua rozari wakaipokea. Ilipokwisha, mmoja aliyevaa baibui akamshika mkono.

"Pole sana, mama. Mimi ni Zuhra, nyumba ile ya bati. Tumeona turubai, tumesikia sala. Nani ametutoka?"

Lukresia alitazama hema, akatazama khanga yake, akaelewa. "Jamani! Hapajafa mtu. Natembea tu."

"Unatembea tu?"

"Nalala kwenye hema, naona nchi."

"Wazungu ndio wanalala hapo, mama! Wewe umefukuzwa na wakwe, sema tu."

Kicheko kilipasuka, na aliyebeba unga alicheka mpaka akaiegemea ndoo yake. Lukresia naye alicheka, kisha akawaeleza sharti la mwanawe. "Kwa hiyo nawashukuru, lakini rudini. Nimeahidi kulala mwenyewe."

"Turudi na mikeka? Watu watasema tumekimbia msiba," alisema Zuhra. "Wewe lala mwenyewe humo ndani. Sisi tuko nje. Nani amekugusa?"

Hawakuondoka. Walipika ugali wa muhogo na dagaa, wakalala nje ya hema wakisimuliana habari za waume zao. Ndani, Lukresia alisikiliza na moyo ukimwuma. Angeweza kusema alilala mwenyewe. Ndani ya hema hapakuwa na mwingine. Alimwomba Mungu ampe jibu lingine, hakupewa.

Asubuhi simu iliita.

"Shikamoo mama. Ulilala mwenyewe?"

"Marahaba. Hapana, mwanangu." Akamweleza yote. "Nimeshindwa. Nitafunga mizigo."

Kajetani aliuliza, "Walikuja kumlilia nani?"

"Hawakujua. Waliona turubai, wakabeba unga."

"Na walipojua hakuna msiba?"

"Wakalala."

"Mama, jirani yangu wa ukuta huu alifariki mwezi uliopita. Mimi nilipata habari akiwa ameshazikwa. Halafu nikuondoe huko nikulete hapa?" Akavuta pumzi. "Nilichokuwa naogopa ni usiku utakaohitaji mtu usimpate. Kaa Songea. Ila hilo hema... safari ijayo uniambie nije, twende nalo wote wawili."

Lukresia alitazama ziwa alilosimuliwa na Aloyce. Mume wake alikuwa amelipunguza, lilikuwa zuri kuliko alivyosema.

"Mama msiba!" Zuhra aliita kutoka motoni. "Uji unapoa. Au na wenyewe umeahidi kunywa peke yako?"