Mwenyekiti Alipomtoa Badru

Vita vilipokuwa bado habari za redioni, Chama cha Nguvu ya Jasho kilivipenda sana. Kila Jumapili wanachama walikutana katika ukumbi wa harusi kule Chamazi, wakaimba, wakawapongeza askari wetu walioko mpakani, wakanywa soda, wakarudi makwao. Kisha serikali ikapeleka bungeni muswada wa kuwaingiza vijana jeshini kwa lazima, na kila chama kikatakiwa kusema kinasimama wapi. Hapo ndipo wenzangu walipogundua kwamba vita vinahitaji watu.

Chama chenyewe ni kidogo. Hakina mbunge wala diwani. Kina mwenyekiti wa mkoa mwenye sauti nene na makamu wake mwenye sauti nyembamba. Katiba yake nimeisoma kuanzia jalada hadi jalada. Mwingine aliyefanya hivyo nadhani ni mpiga chapa. Mimi ni mjumbe wa baraza la wazee, maana yake nakaa kiti cha mbele na siulizwi kitu.

Mwenyekiti, Marijani, alitaka tuunge mkono muswada. Alikuwa amesikia, hakusema kwa nani, kwamba vyama vitakavyounga mkono vitakumbukwa nafasi zitakapogawiwa. Makamu wake, Deogratias, alitaka tupinge. Yeye hakuwa amesikia chochote. Alikuwa anakitaka kiti cha Marijani, basi, na kwa akili yake njia ya kukipata ilikuwa kusema kinyume cha kila anachosema Marijani. Marijani angesema mvua ni maji, Deogratias angeita waandishi wa habari kukanusha. Hivyo tukapasuka. Upande mmoja wa ukumbi wakakaa Waende, upande wa pili wakakaa Wasiende, na katikati ikaachwa njia kama ya kupita bibi harusi.

Jumapili ya mjadala Marijani alisimama na kipaza sauti, kidole juu.

"Nchi inaita! Kijana asiyekwenda ni mzigo kwa taifa! Mzazi anayemficha mwanawe ni msaliti!"

Mwajabu, kiongozi wetu wa kina mama, mwanamke asiyehitaji kipaza sauti, akamkatiza kutoka nyuma.

"Mwenyekiti! Mie ninao wawili, nikiambiwa waende nawajua majina. Wako yupi?"

"Eeeh! Wako yupi?" wakadakia Wasiende.

Marijani akajifuta uso kwa leso. Ana mtoto mmoja tu wa kiume, Mbwana, anayesoma chuo kikuu na kuishi hosteli za Mabibo. Mkewe Raudha, aliyekuwa kiti cha mbele karibu nami, alikaza mkoba wake mapajani.

"Wangu?" Marijani akasema. "Mnauliza wangu? Wangu namtoa! Namtoa mwanangu Badru!"

Ukumbi ukalipuka. Hata Wasiende walipiga makofi kabla hawajakumbuka wao ni nani. Raudha akalegeza mkoba.

Marijani hakumzaa Badru. Ni mtoto wa mdogo wake, marehemu Kondo. Lakini kwetu mtoto wa ndugu yako ni mwanao, huhitaji cheti, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema mwenyekiti amedanganya. Ubaba wake ulikuwa wa namna hii: mtoto alipotahiriwa, Marijani alifika wakati wa pilau, mtoto alipokosa nafasi ya kuendelea na shule, Marijani alisema ataliangalia suala hilo, na nadhani mpaka leo analiangalia. Kijana alilelewa Mwananyamala, mtaa wa pili kutoka kwangu, na mama yake Tabu, kwa biashara ya mkaa. Sasa ni fundi wa makochi. Ni mpole kupita kiasi. Humwita Marijani "baba", na kwa kuwa hana mwingine wa kumwita hivyo, hulitamka neno lile kama anakabidhi kitu.

Likapitishwa azimio. Jumapili itakayofuata Badru ataletwa ukumbini, atavishwa bendera ya chama, kisha mwenyekiti atamshika mkono na kumpeleka kambini kujiandikisha, wa kwanza kabla hata ya sheria. Kipande cha video cha Marijani akipiga kelele "namtoa mwanangu" kilikuwa kwenye simu za watu kabla sijafika nyumbani.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Tabu. Alikuwa anapanga makopo ya mkaa mbele ya nyumba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeiona?"

"Nimeonyeshwa na mteja. Kaja kununua mkaa, kanipa hongera."

Badru alikuwa barazani, anagongomea kitambaa kwenye mgongo wa kochi, misumari midogo mdomoni. Akaitema kiganjani ili aniamkie.

"Watu wananipigia saluti njiani, babu," akasema.

"Wewe mwenyewe unataka kwenda?"

"Mie sijaulizwa." Akagonga msumari mmoja, akaacha. "Sheria ikipita, tukaitwa wote, nitakwenda kama wenzangu. Lakini hivi? Kuzungushiwa bendera kama jeneza, ili baba apigwe picha?"

"Basi kataa."

"Nimkatae baba mbele za watu? Nikikataa, mtaa mzima mie mwoga. Nikikubali, mama abaki na nani?"

Tabu hakuwa analia. Alikuwa anaweka mkaa kwenye makopo, moja baada ya jingine, kwa nguvu iliyozidi kidogo.

"Kondo nilimzika mwenyewe," akasema. "Huyu simtoi."

Tukiwa hapo akatokea Deogratias, suti ya kijivu, simu mkononi. Mara ya kwanza kumwona Mwananyamala. Alimpa Tabu pole ndefu, kisha akaomba kumrekodi.

"Mama, ukae hapo kwenye mkaa, hapo hapo, ndiyo penyewe. Ushike picha ya marehemu. Ulie kidogo. Useme, 'Deogratias, tuokoe.'"

"Marehemu hakuacha picha kubwa."

"Hata picha ya mtu mwingine, mradi ya mwanamume. Kwenye simu haionekani vizuri."

"Na nikishalia, mwanangu haendi?"

"Mama, hiyo itategemea kura. Ila tutakuwa tumewashika pabaya."

"Tutakuwa nani?"

Deogratias akacheka, akadhani ni mzaha. Tabu akamwambia asogee kidogo, viatu vyake vinakanyaga mkaa wa watu. Akaondoka amenuna, na njiani nikamsikia akimwambia mtu kwa simu kwamba wananchi hawajaamka.

Tabu alimfuata kwa macho mpaka akapotea kwenye kona.

"Mzee, hicho chama chenu. Mtu yeyote anaweza kusimama akamtoa mtoto wake?"

"Mwanachama yeyote ana haki ya kusema."

"Kadi nitaipata wapi?"

"Ninazo nyumbani. Hazina wateja."

"Niletee moja."

Jumapili ukumbi ulijaa kuliko siku zote. Watu wanaokuja kuangalia mtoto wa mwenzao akitolewa ni wengi kuliko wanaokuja kujadili bajeti ya tawi. Bendera ilikuwa imepigwa pasi. Badru alikaa kando ya mama yake, shati jeupe, mikono kati ya magoti. Raudha alikuwa amevaa dera jipya.

Marijani alihutubia kwa muda mrefu juu ya uchungu wa mzazi. Alipochukua bendera akaitupia begani, Tabu alisimama, akaonyesha kadi yake, akaomba kusema. Deogratias akaruka kuunga mkono, akitegemea machozi. Marijani naye akaridhia, akitegemea baraka. Kwa mara ya kwanza tangu muswada uje, viongozi wetu walikubaliana.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, mama wa shujaa!"

Makofi.

"Mie sijui kuhutubia," Tabu akasema. "Nimekuja kushukuru. Kondo alipofariki nilikuwa najiuliza, huyu mtoto baba yake nani? Shemeji umenijibu mbele ya watu. Wangu ni wako, wako ni wangu. Ndivyo tulivyolelewa, au nakosea?"

"Hukosei!" Marijani akanguruma kwenye kipaza sauti. "Damu moja! Hakuna wa huyu wala wa yule!"

"Basi mie ni mama mdogo wa Mbwana."

"Kabisa!"

"Na heshima hii siwezi kuila peke yangu. Wewe umemtoa wangu, nami namtoa wako. Namtoa mwanangu Mbwana. Waende wote wawili leo leo, ndugu na ndugu."

Halafu Mwajabu akapiga vigelegele, virefu, vya ndani kabisa ya kifua, na kina mama wa pande zote mbili wakampokea. Simu zikainuka ukumbi mzima.

Raudha alisimama, mkoba ukaanguka.

"Wee Tabu! Mbwana nimemzaa mie! Mwanangu ana mitihani!"

"Na mwanangu ana makochi ya watu, dada."

"Usimtaje kwa mdomo wako! Marijani, sema neno! Umesimama hapo kama mlingoti!"

Marijani alikuwa kweli anafanana na mlingoti, maana bendera bado ilikuwa begani mwake.

"Ndugu wajumbe," akasema, "ishu hapa ni ya utaratibu. Mbwana ni msomi. Taifa linahitaji wasomi pia."

"Msomi atakalia nini fundi akifa?" Mwajabu akauliza.

"Mtoto hutolewa na mzazi wake!" Marijani akapiga kelele. "Mzazi aliyemzaa! Si mtu tu anatoka huko na kadi mpya!"

"Aaaah!" ukumbi ukamjibu, na safari hii hapakuwa na Waende wala Wasiende.

Marijani akakishusha kipaza sauti. Nimemfahamu tangu alipokuwa akibandika mabango ya mikutano ya taarabu, na sijawahi kumwona akikosa maneno. Nakiri niliifurahia hali hiyo, na nilijiegemeza kitini ili niione vizuri.

Deogratias alipanda juu ya meza kutangaza ushindi, meza ikayumba, akashuka. Mtu akadai kura. Hakuna aliyetaka kutoa hoja, kwa kuwa kila aliyeinua mkono aliulizwa wake ni yupi. Mwisho Albano, mwenye ukumbi, akazima kipaza sauti na mapangaboi, akatwambia wenye harusi wameshafika na wanataka kupamba. Jioni ile Deogratias alitoa tamko kwamba chama kinaupinga muswada, na Marijani akatoa lake kwamba chama kinaupinga vikali zaidi. Kwa hiyo sasa tuna pande mbili zinazosema jambo moja na hazisalimiani. Muswada wenyewe uko bungeni, na sina habari kwamba kuna mbunge aliyekosa usingizi kwa ajili yetu.

Lakini kabla ya matamko hayo, Marijani alimfuata Tabu nyuma ya ukumbi, penye masufuria ya wapishi. Nilikuwa nimesimama na Tabu, pamoja na Badru na Mwajabu. Simu ya Marijani ilikuwa inaita bila kupumzika.

"Ni Mbwana," akasema. "Wameshamtumia video. Wenzake hosteli wanamwita kamanda. Shemeji, nakuomba. Rekodi kidogo, sema ulikuwa unatania."

"Anza wewe," Tabu akasema.

"Nianze nini?"

"Ulichosema wewe ndicho kilichotangulia."

Mwajabu alikuwa ameshainua simu yake. Marijani akaweka sawa kofia yake.

"Ndugu wananchi, kutokana na mabadiliko ya ratiba..."

"Hapana," Tabu akasema.

"Ndugu wananchi, kijana wetu Badru, ambaye kwangu ni kama mwana, kwa sababu za kifamilia..."

"Shemeji, mie nina mkaa umebaki nje. Nakwenda zangu. Mbwana ana mitihani lini?"

Simu ikaita tena. Marijani akaikata. Akamtazama Badru, nadhani akitegemea kijana atamsaidia kwa upole wake wa siku zote. Badru alitazama masufuria.

"Badru si mwanangu," Marijani akasema kwa haraka, kama mtu anayekunywa dawa. "Ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Sikumuuliza yeye wala mama yake. Sina mamlaka ya kumtoa popote."

"Sawa," Tabu akasema. Akaichukua simu kutoka kwa Mwajabu, akaishika mbele ya uso wake. "Na mie Mbwana namrudisha kwa mama yake. Asome."

Hapo ndipo nilipomtazama kijana. Alikuwa ameokolewa, na mwenye kumwokoa alikuwa mama yake, si mmoja wetu wenye kadi za zamani. Lakini maneno yale yalikuwa yamesemwa, na aliyasikia mtu ambaye yalimhusu. Badru alisogea, akaichukua bendera iliyokuwa bado imening'inia begani kwa Marijani, akaikunja vizuri pembe kwa pembe kama anavyokunja vitambaa vya wateja, akaiweka juu ya meza ya wapishi.

"Kwaheri, mzee Marijani," akasema.

Nilimwangalia Marijani nione kama hilo "mzee" limemchoma. Alikuwa ameinamia simu ya Mwajabu, anauliza kama video imeshapanda.