Maji Yanayostaafu

Katika nyumba aliyoolewa msusi, maji hayakumwagwa, yalistaafu. Huo ulikuwa utani wa mumewe, lakini ulikuwa kweli tupu. Maji yaliyoosha mboga yaliloweka matambara, yaliyosuuza nguo yalipiga deki, na yaliyopiga deki yalisubiri kwenye ndoo mlangoni mwa choo mpaka yaitwe kwa kazi ya mwisho. Msimamizi wa safari hiyo yote alikuwa mama mkwe, na ole wake aliyefungua bomba huku akipiga soga.

Msusi alizoea saluni, ambako bomba hufunguliwa asubuhi likafungwa jioni. Lakini hakuwa na kiburi. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa mchanga, na tangu aingie nyumba hii alitaka jambo moja tu: huyu mama ampende.

Hamu hiyo ndiyo iliyomponza. Jumamosi moja, mama mkwe akiwa sokoni, msusi aliitazama ile ndoo ya mlangoni, akaona uchafu mtupu. Akamwaga. Akaisugua kwa maji safi, akaisuuza, akaisuuza tena, akaifudikiza juani ikang'aa. Kisha akakaa kusubiri sifa, maskini.

Utasema ndoo ni ndoo tu. Si kwa mama huyu. Aliporudi aliitazama kwa muda, akasema, "Ahsante, bibi harusi," akaingia chumbani. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe msusi aliusikia dirishani, mama akizungumza na mdogo wake kwenye simu.

"Nakuja kukaa kwako. Nyumba imepata mwenyewe. Leo yamemwagwa maji yangu, kesho nitamwagwa mimi."

Maji yakimwagika hayazoleki, naye msusi alikuwa ameyamwaga kwa mikono yake miwili, tena kwa mapenzi. Maneno hayakuwa fani yake. Alichukua beseni na shampuu, akapiga hodi.

"Mama, kabla hujaondoka, nikuoshe nywele."

"Kwa maji gani?"

"Utakayonipimia wewe."

Mama akaguna. Akaleta jagi moja, nalo halikujaa, akakaa kwenye kigoda uani na kuinamisha kichwa.

Msusi alikuwa ameosha vichwa vya mtaa mzima, lakini hakuwahi kuosha hata kimoja kwa jagi. Kulowanisha tu, nusu ikaenda. Akapaka shampuu, povu likafura, akamimina, na jagi likakauka povu lingali masikioni na kwenye nyusi.

"Suuza basi!"

"Yameisha, Mama."

"Yameishaje, nawe ni msusi?"

"Mimi msusi wa bomba, Mama." Machozi yakamtoka. "Nisamehe ile ndoo. Nilidhani nakusaidia. Usiondoke, Mama, mimi nakupenda."

Mama akafumbua jicho moja, lile lisilo na povu, akamtazama mkwewe analia na jagi tupu mkononi. Akaanza kucheka mpaka kigoda kikayumba. Akainuka, akaenda kujaza jagi, akarudi na kichwa chake bado cheupe pe, akamkalisha msusi kwenye kigoda.

"Inama. Maji hayamiminwi, yanachotwa kwa kiganja. Anzia kisogoni. Yakiteremka, yakinge, yarudi tena."

Viganja vyake vilikuwa vigumu, vinakwaruza. Msusi alifumba macho. Kutwa alishika vichwa vya watu, na chake hakuna aliyewahi kukishika hivi. Alitamani maji hayo kidogo yasiishe kamwe.

Simu ikaita. Ni mdogo wake mama, anauliza aje kumpokea saa ngapi.

"Siji," mama akasema, simu ameibana kwa bega na mikono ingali kichwani mwa msusi. "Nitakujaje, wewe? Huku nina mtoto, hajui hata kuoga."