Kiti Kimoja cha Mama

Kwetu Korea, kwenye ukumbi wa harusi, upande wa bibi harusi, mbele kabisa huwekwa viti viwili tu: cha baba na cha mama. Narae wetu ana mama wawili, na harusi yake ilikuwa imebakiza siku kumi na tisa.

Mimi ndiye wa kambo. Nilianza kumlea akiwa na miaka minane, mwaka mmoja baada ya mama yake mzazi, Ok-ju, kuondoka kwenda kuanza maisha mengine mjini Busan. Miaka mitatu aliniita "wewe". Wa nne, homa ilipompanda, akaniita Mama, na alipopona sikumkumbusha alikuwa akiniitaje.

Kuhusu kiti, Narae hakufungua mdomo. Nilishashona hanbok ya waridi, vazi la mama wa bibi harusi, kisha nikaificha kabatini kama mali ya wizi. Je, nikiambiwa nikae nyuma na wageni? Usingizi uliniruka.

Jumamosi Narae alikuja tuangalie tamthilia yetu, kama kawaida. Kwenye tamthilia, mama wa kambo huwa mwenye kuficha wosia na kuwaadhibu watoto. Wa mwaka huu, kwa bahati mbaya yangu, alikuwa mwema. Siku moja kabla ya harusi alimpelekea mama mzazi vazi la waridi, akampa na kiti, akaenda kukaa safu ya mwisho. Narae alilia mpaka chenza likamdondoka.

"Maskini," alisema. "Huyu mama ana moyo."

Nikajua ninaambiwa mimi. Watu wetu hawakwambii jambo zito usoni.

Jumatatu nikampigia Ok-ju. "Njoo ukae wewe," nilimwambia. "Wewe ndiye uliyemzaa." Alilia, akanishukuru mara nne. Nilipokata simu nilijiona mwema, kisha nikaisukuma hanbok ndani zaidi kabatini.

Jumatano Narae akaingia bila kuvua koti.

"Mama, hanbok yako iko wapi? Mama mkwe anataka mfanye mazoezi ya kuwasha mishumaa ya kufungua harusi, muingie pamoja mmeshikana mikono."

"Mwambie afanye na mama yako. Nimeshampa kiti."

Mume wangu, Bwana Pyo, aliweka kijiko chini. "Umeangalia tamthilia mpaka zimekuingia kwenye damu," alisema. "Sasa unajiandikia ya kwako, kwa machozi yako mwenyewe."

"Wewe nyamaza. Wiki tatu nimekuuliza, unaniambia tutaona."

Narae hakucheka. Alikaa sakafuni na koti lake.

"Yule wa Busan alinipigia mwezi uliopita, akakiomba kiti," alisema. "Nikamwambia kina mwenyewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini, Mama? Kwamba wewe ni mama yangu? Na baba naye nimwambie kwamba yeye ni baba?"

"Jumamosi ulilia..."

"Nalia kwenye kila tamthilia. Nililia hata mbwa wao alipopotea."

Ningecheka siku nyingine. Alikuwa ameinamisha kichwa, akivuta uzi kwenye mkono wa koti.

"Yule aliniacha nikiwa na miaka saba," alisema taratibu. "Wewe umengoja mpaka nina thelathini."

Nilidhani nimejinyima mimi, kumbe nimemgawa yeye. Aibu ilinishika. Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema, lakini aliyeyamwaga ndiye wa kupiga magoti na kitambaa.

Nikachukua simu. Narae hakuinua kichwa.

Ok-ju alipokea mara moja, sauti imejaa furaha. Alikuwa kwa fundi, akipimwa kiuno.

"Nimekukosea, na hili halina msamaha," nilimwambia. "Narae ananitaka mimi."

Sikuwahi kuyatamka maneno hayo kwa mtu yeyote, na wa kwanza kuyasikia ikawa lazima awe yeye.