Robota la Thelathini na Moja

Violeth alifika stesheni ya Igelegelo saa mbili asubuhi, ametumwa na ofisi ya reli aandike historia ya reli ya tawi iliyotoka hapo kwenda kiwanda cha pamba cha Mwakilolo. Mafundi walikuwa wameshafyeka vichaka kilomita zote nne na kuijaribu kwa kiberenge, kile kigari kidogo cha kukagulia reli. Ripoti yao ilibakiza ukurasa wa historia tu.

Alielekezwa kwa Nyanjige, mama wa miaka sitini na sita ambaye nyumba yake ilitazamana na stesheni.

"Mwangaluka, mayu," Violeth alimwamkia kwa Kisukuma cha kujifunza.

"Mwangaluka. Kaa hapa, mwanangu."

Violeth akafungua daftari. "Nyaraka zinasema reli hii ilibeba pamba tu. Haikuwahi kubeba mtu."

Nyanjige akacheka mpaka akashika mlango. "Mimi nimeipanda, tena na ngoma. Ila siwezi kukusimulia nikiwa nimekaa kwenye kigoda. Nipandisheni kwenye hicho kiberenge."

Joakim, fundi mwenye dhamana ya kiberenge, akakataa. Abiria hawaruhusiwi, alisema. Nyanjige akaingia ndani, akatoka amevaa kitenge cha Jumapili na viatu vya kanisani, akaketi juu ya kiberenge, mkoba mapajani.

"Basi hiyo historia mtatunga wenyewe," akasema.

Joakim akamtazama Violeth. Violeth akautazama ukurasa mtupu, naye akapanda.

Kiberenge hakikuwa na injini. Joakim alikisukuma, akakirukia, na mteremko wa Mwakilolo ukakipokea. Mita mia mbili mbele, Mayige, mumewe Nyanjige, alikuwa akichunga ng'ombe kando ya reli. Alimwona mkewe anapita, amejipamba.

"Unakwenda wapi?"

"Nimekuacha," Nyanjige akamjibu kwa sauti. "Narudi kwetu."

Mayige akamkabidhi jirani fimbo na kukimbilia baiskeli.

"Sasa andika," Nyanjige alimwambia Violeth. "Mwaka sabini na nane, siku ya kuolewa kwangu, mvua ilibeba daraja la barabara. Sisi tuko Mwakilolo, bwana harusi yuko Igelegelo. Baba akamwendea dereva wa treni ya pamba. Dereva akasema karatasi zake zinaruhusu marobota ya pamba, haziruhusu watu. Baba akamwambia, basi hawa ni marobota. Tukapanda watu thelathini na mmoja. Dereva akahesabu vichwa, akaongeza marobota thelathini na moja kwenye karatasi. La mwisho ndilo mimi."

Violeth akaacha kuandika. "Mama, kwenye jalada kuna barua nne zinazouliza marobota thelathini na moja yalipopotelea."

"Hayakupotea. Yalikula pilau."

Violeth alicheka mpaka kalamu ikamponyoka na kuangukia kwenye mataruma ya reli. Joakim naye alicheka, akashika mkono wa breki kupunguza mwendo, na mkono ule ukang'oka. Akabaki ameushikilia.

"Joakim," Violeth akasema, "hicho ni nini?"

"Breki."

Upepo ukawapiga usoni. Mashamba ya pamba yakapita kasi, meupe pande zote. Joakim alikandamiza gurudumu kwa soli ya buti, moshi wa mpira ukapanda. Violeth alijua anapaswa kuogopa, lakini mama aliyekuwa pembeni yake alikuwa ameanza kupiga vigelegele, na kabla hajajizuia akajikuta anavipiga yeye pia. Watu wa Mwakilolo wakatoka majumbani. Kiberenge kikapita kiwanda kilichofungwa, kikafika mwisho wa reli kulikoota majani marefu, kikazama humo na kusimama taratibu.

Mtu wa kwanza kufika alikuwa Machibya, kaka yake Nyanjige. "Dada, kuna msiba?"

"Hakuna. Nimekuja kutembea."

Mayige aliwasili dakika kumi baadaye, jasho tupu, mnyororo wa baiskeli umekatika. Alimkuta mkewe anakunywa uji katikati ya umati unaocheka.

"Shemeji," Machibya akamwambia, "huyu anasema amekuacha."

"Nimesikia. Nimekuja kuuliza kama anarudi."

"Narudi," Nyanjige akasema. "Ila siwezi kutembea kilomita nne na viatu hivi."

Ikabidi kiberenge kisukumwe kupanda mlima. Machibya akaita wanaume sita. Nyanjige akaketi mbele, Mayige na baiskeli yake nyuma, na Violeth, aliyekatazwa na kila mtu, akavua viatu akasukuma pamoja na Joakim. Kila walipocheka nguvu ziliwaishia, kiberenge kikarudi nyuma hatua mbili, nao wakaanza upya.